Rejeta ya Baba

Pikapu ya baba ndiyo inayonilipia karo. Rejeta yake ilipoanza kuvuja pale uani, niliona muhula wangu ukitiririka chini. Fundi alitaja bei ya rejeta ingine, baba akacheka tu.

Kaka alikimbilia kifuniko. "We! Ngoja ipoe!" Kumbe maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua, yanakurukia usoni! Tukangoja saa nzima. Kisha baba akamimina ute wa mayai mawili, akawasha injini. Joto huugandisha ute palipo na tundu, ingawa huweza kuziba hata mirija isiyo na kasoro. Mama alinung'unikia mayai yake.

Jumatatu kabichi zilifika sokoni. Rejeta ingali inavuja, tone moja moja, na mtungi wa maji haubanduki garini.