Chuo Si cha Mtu Mmoja

Mzazi wa Bunyakiri akimpeleka mtoto Bukavu kusomea ualimu, huuza mbuzi au mawese, kisha huuliza minervali ni kiasi gani na mtoto atalala wapi. Ni mara chache kuuliza: chuo hicho hutawaliwa namna gani? Nami naona swali hilo lapita yale mengine kwa uzito.

Vyuo vya ualimu vya Kongo, kama ISP ya Bukavu, vina mpango wake. Juu kuna baraza la chuo na kamati ya uongozi: Mkurugenzi Mkuu, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala, na msimamizi wa bajeti. Chini yao kuna seksyoni, na ndani ya seksyoni mna idara: ya Kifaransa, ya Kiingereza, ya historia, ya biolojia na kemia, na nyinginezo.

Wengine hunung'unika: vyeo vyote hivi vya nini? Mkubwa mmoja hatoshi? La, hatoshi. Katika chuo kimoja nisichokitaja, mwalimu alishika alama zote peke yake. Aliposafiri, alama za kijana mmoja wa kwetu hazikuonekana. Idara haikuwa na daftari, wala baraza halikukutana. Kijana alirudia mwaka mzima, na baba yake akauza shamba.

Idara ikifanya kazi yake, walimu hupatana nani afundishe nini, nao huandika alama katika daftari. Baraza la mitihani huzikata pamoja, si mtu mmoja nyumbani kwake. Tena anayepokea feza hatoi alama, na anayetoa alama hapokei feza. Hapo rushwa hukosa mlango.

Jambo hili ni la kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Musa aliamua mashauri ya watu peke yake toka asubuhi hata jioni. Yetro, mkwe wake, alimshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, naye abaki na yale magumu tu. Musa alikubali, na heshima yake haikupungua.

Basi, wazazi, ulizeni. Nanyi walimu, msikose barazani, hata mshahara ukichelewa. Maana mwalimu aliyenunua alama atarudi huku kijijini, na watakaolipa ni watoto wetu. Mungu awape wakubwa wa vyuo moyo wa Musa, wakubali kusaidiwa.