Namuwongo: Muziki Usio na Bango

Mgeni afikaye Kampala kwa mara ya kwanza na kuulizia muziki huelekezwa kwanza kwenye kumbi zenye mabango makubwa. Si maelekezo mabaya. Bendi ya Afrigo, iliyoundwa mwaka 1975 na Moses Matovu na wenzake, ilitimiza nusu karne mwaka 2025, na bendi zilizopata umri huo katika Afrika Mashariki zinahesabika kwa vidole. Lakini mgeni aliye na jioni moja ya ziada, na viatu asivyovionea huruma, heri ateremke hadi bonde la Namuwongo, kusini-mashariki mwa jiji, katika Tarafa ya Makindye. Huko muziki hautangazwi ukutani. Mtu huufuata kwa masikio.

Bonde lenyewe limebanwa. Upande mmoja kuna kilima cha Muyenga, chenye nyumba za kifahari na kuta ndefu. Upande wa pili ni maghala na viwanda. Katikati hupita reli, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, na kando yake mfereji wa Nakivubo unaobeba maji machafu ya jiji hadi kwenye kinamasi na ziwani. Baina ya reli na mfereji ndipo penye vitongoji vya Soweto, Kanyogoga na vinginevyo, ambako nyumba za matofali, mbao na mabati zimesongamana hata mtu mwenye mabega mapana hulazimika kupita ubavu. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji hufurika, na akina mama huinua magodoro juu ya meza kabla hawajainua kitu kingine chochote.

Watu wa Namuwongo wametoka kila pembe. Wapo Waganda, Wasoga na Wanyankole. Wapo Waacholi, Walango na Waiteso, ambao wengi wao waliletwa mjini na vita vya kaskazini au na njaa ya kazi. Wapo pia Wakongo waliovuka mpaka na mabunda yao. Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi raia wengi wa Uganda walikiona kuwa lugha ya kambini, hapa ni lugha ya kununulia makaa na dagaa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya pili, mitaa kama hii haikuwa na haja ya kungoja tangazo hilo.

Kila kundi lilikuja na ngoma yake. Hii ndiyo sababu ya kuteremka bondeni.

Jumamosi jua linapopoa, wazee hukusanyika kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi inayonyweka kwa mirija mirefu. Penye chungu, mara nyingi hapakosekani lukeme. Ni kisanduku cha mbao kilichofungwa vijiti vya chuma, hupigwa kwa vidole gumba, na Waacholi na Walango hukitengeneza kwa ukubwa mbalimbali, kidogo kiongoze na kikubwa kijibu kwa sauti nzito. Sauti yake haivuki kelele za pikipiki. Anayetaka kuisikia lazima akae karibu, na akikaa karibu atapewa mrija.

Mpigaji wa namna hiyo kwa kawaida hana sahani ya santuri wala picha gazetini. Nyimbo zake husifu, hudhihaki, hukumbusha deni, na huisha pale pale zinapoimbwa. Ni bahati iliyowaokoa wachache. Ekuka Morris Sirikiti, mpigaji lukeme mashuhuri wa Lango, hakujulikana nje ya kwao hadi mwaka 2018, pale kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa albamu ya nyimbo zake zilizonaswa kutoka vipindi vya redio vya miaka iliyopita. Fundi mitambo aliyebonyeza kitufe cha kurekodi pengine alifikiri anatimiza zamu yake tu. Kumbe alikuwa akihifadhi kazi ya maisha ya mtu.

Askari polisi anayesoma ukurasa huu anayo sababu ya pekee ya kutega sikio kwa muziki wa Waacholi. Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, alikuwa mpigaji wa nanga, kinubi cha nyuzi saba, na alimfundisha mwanawe Geoffrey kukipiga. Mwezi Februari 1977 Oryema, wakati huo akiwa waziri, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi. Geoffrey, aliyekuwa bado kijana, alivushwa hadi Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari. Kutoka hapo alikwenda Ufaransa, na nanga ya baba yake ikawa ndiyo riziki. Albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990 chini ya usimamizi wa Mwingereza Brian Eno, iliitwa "Exile", yaani uhamisho. Aliimba kwa Kiacholi na Kiswahili mbele ya umati wa watu wasiojua neno hata moja la lugha hizo, nao walinyamaza wakamsikiliza. Alirudi Uganda mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya karibu miaka arobaini, akafariki Ufaransa Juni 2018. Ajabu ni kwamba katika mitaa ya Kampala wapo vijana wengi wanaojua majina ya waimbaji wa Marekani hadi lakabu zao, na jina hili hawajalisikia.

Vijana hao hao, hata hivyo, wanaujua muziki wa Kiacholi wa namna nyingine. Zamani harusi ilikuwa haiendi bila larakaraka, ngoma ya vibuyu na kundi zima la waimbaji. Vita vya kaskazini vilipotawanya vijiji na kujaza makambi ya wakimbizi wa ndani, kukodi kundi zima kukawa anasa. Hapo mafundi wakageukia kompyuta na kinanda cha umeme, wakazitafsiri zile ngoma kwa mashine, wakaongeza kasi kupita kiasi cha kawaida. Leo Palayeng alikuwa miongoni mwa mafundi hao, na Otim Alpha, bondia wa zamani aliyegeuka mwimbaji wa harusi, ndiye sauti iliyovuma. Albamu ya "Gulu City Anthems", iliyotolewa mwaka 2017, iliwafikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Wapo wazee wanaonuna wakisema mashine imeua ngoma. Ukweli ni kwamba bila mashine hiyo harusi nyingi za miaka ile zingepita kimya.

Mbele kidogo, penye kibanda cha chapati za mayai zile zinazoitwa roleksi, redio huwa inasema Kiganda, na muziki ni kadongo kamu. Jina lake maana yake ni gita dogo moja tu, na kweli katika mwanzo wake mwimbaji hakuhitaji zaidi ya hilo. Ni kisa kirefu kinachosimuliwa kwa utulivu, na huweza kupita dakika kumi: mume aliyepotoka, shamba lililouzwa, kifo kisichochagua. Elly Wamala na Christopher Ssebadduka ni wazee wa fani hii. Herman Basudde aliyefariki mwaka 1997 na Paul Kafeero aliyefariki mwaka 2007 waliifikisha kileleni. Mgeni asiyejua Kiganda asikate tamaa. Akae karibu na mpishi na kumtazama usoni. Atajua penye kucheka na penye kusikitika.

Wakongo nao wana makanisa yao na magita yao, na si jambo geni Kampala. Samba Mapangala, ambaye wasomaji wanamjua kwa Orchestra Virunga ya Nairobi, alipita Kampala katikati ya miaka ya 1970 akiwa na kundi la Les Kinois, kabla jina lake halijakua. Mpiga gita anayepasha nyuzi leo Jumapili asubuhi katika kibanda cha mabati naye hajulikani, na hakuna ajuaye ataishia wapi.

Upande wa Nsambya, mwendo mfupi kutoka Namuwongo, zipo nyumba za polisi, na kwa sababu hiyo sauti ya tarumbeta si ngeni kwa watoto wa maeneo haya. Huko Nsambya pia ndiko lilikoota kundi la M-Lisada, lililoanzishwa mwaka 1996 na watoto wa mitaani wenyewe, ambao walijifunza kupuliza vyombo vya shaba wapate chakula na pa kulala. Msomaji wa Tanzania, aliyekulia katika muziki wa Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi na Kimulimuli ya JKT, hatashangaa kwamba nidhamu ya gwaride na raha ya dansi huweza kukaa katika kifua kimoja.

Lakini maisha ya wanamuziki hawa ni mepesi kupeperuka. Mwaka 2014 vibanda vilivyojengwa katika eneo la reli vilivunjwa, na nyumba ikivunjwa mpigaji huondoka na chombo chake bila kuacha anwani. Machi 2020 ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na burudani za hadhara zikafungwa. Baa na kumbi hazikufunguliwa rasmi hadi Januari 2022. Bendi kubwa zilikuwa na wafadhili na akiba. Mpiga adungu wa harusi, ambaye hulipwa siku ile ile na kununua unga siku ile ile, alikuwa na nini? Wapo waliouza vyombo vyao, na kinubi kilichouzwa hakirudi kwa urahisi, kwani fundi wa kuchonga kingine huenda yuko kijijini mbali.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi, na upo Uganda Performing Right Society unaokusanya malipo kwa niaba ya wanachama. Tatizo ni kwamba wimbo wa kwenye chungu haukuandikwa, wala tarehe yake haijulikani. Kijana mwenye simu huweza kuunasa usiku mmoja, kuutia midundo, na kuusambaza kwa jina lake, huku mwenyewe akiusikia kwenye teksi na kulipa nauli kama abiria mwingine.

Kwa hiyo familia inayotaka kwenda, na iende kwa adabu. Ifuatane na mwenyeji. Simu isitolewe kabla ya kuomba ruhusa, na jina la mpigaji liulizwe na kuandikwa kwa ukamilifu pamoja na la kijiji alikotoka, kwa maana rekodi isiyo na jina ni nusu ya rekodi. Malipo yatiwe mkononi mwake, si mkononi mwa mwenye kilabu. Watoto wapelekwe mchana, hasa siku ya Jumapili makanisa yanapotoka.

Saa hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Seti ya adungu hutolewa mlangoni, kuanzia kile kinachopakatwa kama mtoto hadi kile kikubwa cha besi ambacho mpigaji wake huhitaji kiti. Vile vidogo hufungwa kwa kanga na kubebwa begani. Kile kikubwa hupakiwa juu ya boda boda, shingo yake ikitokeza juu ya kichwa cha dereva, na mpigaji hukaa nyuma akikikumbatia kwa mikono miwili huku pikipiki ikivuka reli taratibu. Jioni kuna arusi upande wa pili.