Mkanda wa Picha 36

Nimewafundisha vijana wengi kupiga picha hapa Songea, na ujira wangu mara nyingine ulikuwa debe la mahindi. Enzi za mkanda mwanafunzi alikuwa na picha 36 tu, hivyo kila kosa lilikuwa fedha. Nilianza nao Makumbusho ya Majimaji, Mahenge, kwa zile sanamu za mashujaa wa 1905–1907. Sanamu haichoki wala haidai nakala. Kazi ilikuwa mwanga. Jua la saa saba, mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera hupima ukuta, uso ukabaki kiza.

Binti mmoja alisikiliza kimya. Akaenda akampiga bibi yake kibarazani, nuru ikimjia ubavuni. Tulipokuwa tukiisafisha gizani, karatasi ikielea kwenye dawa, zilitokea kwanza nyusi, kisha mikunjo ya mashavu. Binti akanishika mkono: "Mwalimu, ndiye bibi kabisa!"

Mimi nimepiga harusi zisizo idadi. Sikumbuki moyo kunidunda namna ile.

Bibi hakuwa na picha nyingine. Masika hakuyamaliza, na ndiyo hiyo iliyotangulia mbele ya jeneza.