Hodhi la Matumbawe Katika Joto la Maskati

Katikati ya miaka ya 1990, nilipoanza kufuga samaki wa baharini na matumbawe ndani ya hodhi la kioo nyumbani kwetu Maskati, vitabu vya elimu hiyo vilivyonifikia vilikuwa vimetungwa na watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao kubwa ilikuwa maji yasije yakapoa. Na kwa sababu hiyo hodhi nililonunua liliandamana na chombo cha kupasha maji moto, kana kwamba mkaazi wa Ruwi au Mutrah, ambaye adhuhuri ya mwezi wa Juni hathubutu kuoga maji ya tangi la juu ya dari kwa jinsi yanavyounguza, anahitaji msaada wa kuyachemsha. Chombo kile hakikupata kuchomekwa kwenye umeme hata siku moja.

Tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea, ila ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, nao kwa nguvu ya mwanga humpa sehemu kubwa ya riziki yake pamoja na rangi yake. Maji yakizidi joto alilozoea, hata kwa nyuzi moja au mbili tu, na hali hiyo ikadumu, mnyama huutoa mwani ule, akabaki mweupe pe, hai bado, lakini mwenye njaa. Kwa ajili hiyo wafugaji hujitahidi kuyaweka maji baina ya nyuzi 24 na 27, na kwetu sisi jitihada hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mengineyo, kama vile kulisha na kusafisha, yalikuwa mchezo.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa panka. Niliiweka ubavuni mwa hodhi ikapuliza juu ya uso wa maji, na marhumu mama yangu, mzaliwa wa Unguja aliyetuleta Omani tukiwa wadogo katika miaka ya 1970, alipoiona alicheka akasema, "Hii si hikima mpya, mwanangu, huu ni mtungi wa bibi yako." Naye alisema kweli, kwani mtungi wa Unguja, sawa na jahla la udongo lifinyangwalo Bahla na kutundikwa kivulini, hupoza maji kwa kuyatoa jasho, na lita moja ya maji igeukapo mvuke huondoka na joto litoshalo kulishusha hodhi la lita 400, kama lile langu, takriban nyuzi moja na nusu. Chumvi haiondoki na mvuke; kwa hivyo kila asubuhi sharti nijaze pengo kwa maji matamu, si kwa maji ya bahari, ama sivyo bahari yangu ndogo ingekolea chumvi siku hata siku.

Panka ile ilinifunza jambo ambalo wageni wangu hawakuwa wepisi wa kulisadiki. Siku ya upepo wa gharbi, utokao jangwani mkavu na mkali, hewa ikafika nyuzi 45 na ndege wakakimbilia chini ya magari, hodhi lilikaa baridi kuliko siku ya nyuzi 34 yenye fukuto la bahari, ambapo vioo vya chumba cha kulala chenye kiyoyozi vilitiririka maji kwa upande wa nje. Hewa iliyokwisha shiba maji haina nafasi ya kupokea mengine. Siku za fukuto niliweka chupa za barafu zielee ndani ya hodhi, lakini barafu hushusha joto kwa ghafla kisha huliachia lipande tena, na mpando-mshuko huo huwadhuru wanyama wale takriban sawa na joto lenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikanunua mashine ya kupozea maji, yenye mrija wa titani ndani yake, kwa kuwa shaba ni sumu kwa matumbawe. Ilikuwa ghali, na ilinguruma kabatini chini ya hodhi kama mzee asiyependa kuamshwa. Nayo iliyatoa maji joto na kulimwaga sebuleni, kiyoyozi kikalichukua kutoka sebuleni na kulitupa nje, hata nikawa nalipia umeme mara mbili kwa joto lilo moja. Niliihamishia barazani. Huko nako, mwezi wa Julai, ilipumua hewa ya moto na kufanya kazi mchana kutwa bila ya kupumzika.

Hali ilikuwa hiyo hadi Juni ya mwaka 2007, kilipopiga kimbunga Gonu. Mabonde yalifurika, barabara zikakatika, umeme ukazimika, na maji ya mferejini nayo yakakauka. Nilikaa mbele ya hodhi na kipimajoto na mshumaa, nikingoja maangamizi. Lakini kipimo hakikupanda kama nilivyodhania, japo mashine ilikuwa imelala. Mawingu yalisaidia, sikatai, lakini hata jua liliporudi kupanda kwake kulikuwa kwa polepole mno. Kilichoua hakikuwa joto bali ukosefu wa hewa, kwa maana maji yaliyosimama, tena yenye uvuguvugu, hayachukui oksijeni ya kutosha. Wanangu walipokezana kuchota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yatoe povu, usiku na mchana, na tukasalimisha matumbawe laini ya aina ya ngozi pamoja na samaki wawili; yale yenye matawi membamba yalikufa yote.

Baadaye, nikikumbuka kwamba umeme ulipozimika taa na pampu nazo zilizimika, ndipo nilipoketi kupiga hesabu. Taa zangu mbili za metali-halaidi zilikula wati 250 kila moja kwa saa kumi za siku, jumla uniti 5 za umeme, na joto la uniti 5 haliondoki ila kwa kuvukiza lita saba na nusu za maji. Ongeza pampu zilizozama majini, ambazo kila wati yake huishia kuwa joto humo humo. Tulikuwa tukilaumu jua la Maskati kwa moto tuliouwasha wenyewe. Lee Chin Eng, aliyefuga matumbawe nyumbani kwake Jakarta, mji wa joto na unyevu usiopungua wetu, akaandika habari zake katika jarida la Marekani mwaka 1961, alitumia mawe hai ya baharini na mapovu ya hewa. Taa kama zangu zilikuwa hazijafika katika ufugaji huo.

Taa za LED zilipopatikana madukani, nikang'oa zile za zamani, nikatoa pampu kubwa nje ya maji, na nikazipanga taa ziwake tangu alasiri hadi usiku wa manane. Mashine ya barazani sasa huwaka kwa nadra. Mwanangu, ambaye huitawala kwa simu yake hata akiwa kazini Sohar, huiweka kwenye nyuzi 25. Mimi nikirudi msikitini huirudisha kwenye 27, kwa hoja kwamba matumbawe ya visiwa vya Daymaniyat, hifadhi tangu mwaka 1996, huona zaidi ya 30 kila kiangazi nayo yapo. Yeye hujibu kwamba yetu yalinunuliwa dukani na hayakulelewa huko.