Nguvu za Kiwiliwili, Tangu Utotoni Hata Uzeeni

Katika majumba yetu mtoto akitimiza miezi minne maneno huanza. Bibi asema mjukuu yu tayari kukaa kitako. Jirani asema wake alikaa mapema zaidi. Basi mito yaletwa, mtoto azungushiwa pande zote, na watu wafurahi. Sisi tumelea watoto na sasa twawatazama wajukuu, na furaha hiyo twaijua. Lakini twapenda kuuliza: aliyekaa hapo ni mtoto, au ni mito?

Kukaa si kazi ya mgongo peke yake. Misuli ya tumbo mbele, ya mgongo nyuma, ya mbavuni na ya kiunoni huvutana kama kamba zinazoushika mlingoti. Ikilegea moja, mlingoti huinama. Na nguvu hizo huja kwa utaratibu: hukaza shingo kwanza, kisha mabega, kisha kiuno. Mtoto aliyelazwa kifudifudi, akiwa macho na mtu yu karibu naye, huinua kichwa, hujisukuma kwa mikono, hata akageuka. Hilo ndilo darasa lake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetambaa bado apate kifudifudi nusu saa au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, wala asifungwe kitini, kigarini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ama wakati wa kulala, na alazwe chali.

Wala jambo hili lisifanywe mashindano. Mwaka 2006 Shirika hilo lilitangaza habari za watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: walianza kukaa bila ya kushikwa baina ya miezi minne na miezi tisa hivi. Basi wa miezi saba asiyekaa bado haijuzu kuitwa mgonjwa. Lakini miezi tisa ikipita, au mwili ukiwa mlegevu mno au mkakamavu mno, asingojewe. Apelekwe kwa daktari. Twaijua nyumba moja iliyongoja kwa kuambiwa kuwa mtoto ni mzito tu kama baba yake. Alipopelekwa, mwaka ulikuwa umekwisha pita, na mazoezi ambayo yangalianza mapema yakaanza kwa taabu.

Na nyinyi vijana, swali la mito lawahusu. Mtoto wa madrasa akaaye mkekani hana pa kuegemea; mwili wake hujishika wenyewe. Lakini kijana anayejiinamia juu ya simu kochini saa nzima, kazi ya tumbo na mgongo wake yafanywa na kochi. Shirika hilo, mwaka 2020, liliwashauri watu wazima watie misuli nguvu siku mbili au zaidi kila wiki. Haihitaji gharama. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno, kisha kishushe polepole. Au lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, wala usizuie pumzi. Sekunde 10 zatosha kuanzia. Mama aliyejifungua aanze kwa shauri la mkunga. Mkaja hulishika tumbo, lakini misuli hupata nguvu kwa kutumika.

Ama uzeeni ndipo hesabu inapotolewa. Mwaka 2012 madaktari wa Brazil walieleza habari za watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80, walioambiwa wakae chini kisha wainuke kwa msaada mdogo wawezavyo. Walioshindwa zaidi ndio waliofariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Umri u mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala kuinuka hakuuongezi. Lakini huonyesha mwili umetunzwaje. Katika rakaa 17 za faradhi za kila siku mna sijda 34. Hiyo ni ibada, wala hatuigeuzi kuwa mchezo wa viungo. Lakini ni nani asiyependa kukaa tahiyatu kwa utulivu mpaka mwisho wa umri wake? Mzee anayeswali juu ya kiti sharia imempa ruhusa, na hatumlaumu. Twasema na mtu wa miaka 40 anayeshika ukuta ili ainuke, naye angali na nafasi.

Basi mkeka na utandikwe. Mchanga alazwe kifudifudi, kijana akae bila ya kuegemea, na mzee ajizoeze kuinuka akiwa na wa kumshika mkono. Haba na haba hujaza kibaba. Wabillahi tawfiq.