Endasak: Chagua Mwezi Kwanza, Barabara Baadaye

Mabasi ya Arusha kwenda Singida na Mwanza hupita Endasak kila siku, na abiria wengi huondoka na kitu kimoja tu: mlima ulioonekana dirishani. Mmoja anauliza jina lake, mwingine kiti cha nyuma anajibu, "Hanang huo." Basi linaingia Katesh, watu wanachimba dawa, safari inaendelea. Sina ugomvi nao, kila mtu na haraka zake. Ila kwa anayepanga likizo, na aliyeshiba kuambiwa kwamba kaskazini ya nchi hii ni Serengeti na Ngorongoro basi, ushauri wangu ni mfupi: shuka hapa.

Endasak ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, kwenye barabara ya lami inayotoka Babati kwenda Katesh. Si mji wa kitalii, na usije ukitegemea uwe hivyo. Utajiri wake ni mahali ilipokaa. Upande wa magharibi Mlima Hanang umesimama peke yake, volkano iliyolala yenye urefu wa mita 3,420 hivi. Ukiondoa Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, hakuna unaouzidi nchini. Kaskazini kuna ukuta wa Bonde la Ufa, na juu ya ukuta huo nyanda za Mbulu. Chini ya ukuta limelala Ziwa Balangida, ziwa la chumvi. Zunguka nyuma ya mlima uelekee Basotu, unakuta tambarare za ngano na ziwa jingine, hili la maji baridi, lenye viboko. Mwenye gari anaweza kufungua kinywa Mbulu akiwa amevaa koti, na kabla jua halijazama akawa Balangida anatafuta kivuli.

Tatizo ni kwamba hayo yote hayaonekani vizuri kwa wakati mmoja. Wengi wetu hupanga safari kwa kuanza na siku za likizo alizotoa bosi, kisha tunatafuta pa kwenda. Huku mpango wa namna hiyo utakuangusha. Kinachotangulia ni mwezi, kwani mwezi ndio unaoamua barabara ipi inapitika, shambani kuna nini, na hata kama mlima utakubali kujitokeza. Wakulima wa Kiiraqw na wafugaji wa Kidatoga, hasa Wabarabaig, wameishi kwa kalenda hiyo vizazi na vizazi. Mgeni hana sababu ya kuja na yake.

Mvua huanza kuonja Novemba, mara nyingi hupumua kidogo kati ya Januari na Februari, kisha hurudi kwa nguvu na kwenda mpaka Mei. Katika miezi hiyo lami haina shida, lakini ukiiacha tu unakutana na udongo mweusi wa mbuga, na hapo gari dogo ni la kusukumwa. Bodaboda watakuambia wanafika popote. Ni kweli wanafika, ila wewe na begi lako mtafika mkiwa na rangi moja.

Hata hivyo, kwa mpenda picha, mwezi wa kuja ni Aprili kuingia Mei. Alizeti zinachanua. Nitakupa siri ya picha hiyo. Alizeti changa hulifuata jua, lakini ua likishakomaa shingo hukakamaa na kubaki likitazama mashariki kutwa nzima. Sasa Endasak iko mashariki ya mlima. Ukisimama asubuhi upande wa huku wa shamba, jua likiwa mgongoni, maua yote yanakutazama wewe na Hanang uko nyuma yao. Upande wa Basotu hutaipata picha hiyo: ukiuelekea mlima, maua yamekupa visogo. Kinachohitajika ni subira, kwa sababu majira hayo mlima hupenda kujifunika mawingu, na wakati mwingine hujifunua kwa robo saa tu alfajiri kabla watu hawajamaliza chai.

Juni mpaka Agosti ni nchi nyingine kabisa. Baridi inauma, na hapa sisemi baridi ya Dar es Salaam ya kuzima feni. Chukua sweta na koti. Anga linafunguka. Mahindi yanavunwa, lakini mashamba hayabaki matupu, kwa sababu mbaazi zilizopandwa katikati ya mahindi ndiyo kwanza zinapata nafasi ya kutanuka, na hukaa hapo mpaka zivunwe mwezi wa nane au wa tisa. Ngano ya Basotu inageuka rangi. Kama mtu ana nafasi moja tu ya kuja, mimi ningempa mwisho wa Juni: majani hayajakauka yote, njia zimekauka, na mlima unaonekana.

Septemba na Oktoba ni vumbi. Wengi watakuambia usije. Mimi siwaungi mkono sana, na sababu nitaieleza tukifika ziwani.

Tuanze na mlima. Msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo ada hulipwa kwao na kiongozi wa njia hupatikana kwa utaratibu wao. Usikubali kupandishwa na mtu uliyekutana naye stendi. Njia inayotumika zaidi huanzia Jorodom, jirani na Katesh. Wenye miguu hupanda na kushuka kwa siku moja, wakianza giza halijaisha, na wenye busara hulala huko juu usiku mmoja. Maji beba yako yote, maana usitegemee kuyapata njiani. Chini ya lita nne kwa mtu ni kujitafutia balaa. Unaanza na msitu, unakuja vichaka, halafu majani na mawe, kisha ukingo mrefu ambao kila kinundu chake kinakuhadaa kuwa ndicho kilele. Ukifika kweli, Balangida iko chini yako, ukuta wa Bonde la Ufa unaonekana ukienda zake kaskazini, na upande wa pili tambarare zinaelekea Singida hadi macho yachoke.

Utahema sana, usione haya. Hewa ya nyanda hizi ndiyo iliyowapika wakimbiaji. Gidamis Shahanga, aliyezaliwa Katesh, alichukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na goti lililofungwa bandeji, ni mtu wa Mbulu. Watoto wa shule utakaowaona wakikupita mbio kwenye mteremko wanajua wanachofanya.

Lakini mlima huu una upande mwingine, na anayepanga safari lazima aujue. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa za msimu wa El Niño, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka na mkondo mpaka Jorodom, Gendabi na katikati ya Katesh. Watu 89 walipoteza maisha. Zikavuma habari kwamba volkano imeamka. Wataalamu wa miamba wakasema hapana, ni maji yaliyolemea udongo. Basi ukija Desemba, mlima uangalie kutoka chini. Na ukiwa Katesh, usianze wewe kuwauliza watu habari za siku ile ili upate cha kusimulia nyumbani. Anayetaka kusema atasema, nawe sikiliza.

Sasa ziwa. Balangida ni la kuchukiza au la kustaajabisha, kutegemea umelikuta lini. Masika ni maji mapana yenye rangi ya majivu. Kiangazi kikikolea maji hurudi nyuma na kuacha ganda jeupe la chumvi linalovunjika chini ya kiatu kama chapati iliyokauka, na chini ya ganda kuna tope jeusi ambalo halina urafiki na viatu vya bei. Watu huja kukusanya chumvi hiyo, ya mifugo na ya jikoni. Ng'ombe nao hupenda kulamba huko. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoikataa Oktoba: joto ni kali, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, lakini ndio wakati ziwa linapofanya kazi.

Kiangazi pia ni wakati wa minada iliyochangamka, maana mavuno yameshauzwa na mfukoni kuna kitu. Ulizia tarehe ya mnada mapema, kisha panga safari nzima kuizunguka. Mnadani ndipo utakapowaona Wadatoga bila mtu kuwapanga mstari kwa ajili yako: mama mwenye vazi la ngozi lenye nyuzi ndefu zinazocheza kila anapopiga hatua, bangili za shaba zimejaa mkononi, chale za duara kuzunguka macho, pembeni yake mzee ameegemea fimbo, anamkagua dume huku akijifanya hana haja naye. Bei itapanda tu. Kamera iache mfukoni mpaka umeomba, na ombi lianze na shikamoo. Ukishamaliza, nyama choma ipo hapohapo.

Kutoka Katesh kwenda Basotu unapita kwenye ngano, na macho yako yatafurahi kabla hujaijua historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mradi wa ngano, na shirika la NAFCO likaja kumiliki mashamba saba yenye takribani ekari 100,000. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho bora, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao, yale ya kichuguu kirefu cha udongo yaitwayo bung'ed, ambayo mengine yalilimwa na trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani. Wanasheria wa ardhi wanaisoma kesi hiyo mpaka leo. Sikuambii haya ili usifurahie ngano. Lakini ukimsikia mzee wa Kibarabaig akizungumzia uzuri wa nchi hii kwa sauti yenye chumvi kidogo, ujue anaiona nchi mbili, nawe unaiona moja.

Mbulu ipe siku mbili ikiwezekana. Rudi mpaka Dareda, kisha panda ukuta. Gari linazunguka kona, masikio yanaziba, na ukifika juu Bashnet umebadilisha tabianchi: ukungu, mabonde ya kijani, mashamba yaliyopangwa ubavuni mwa vilima kwa makinga maji. Wairaqw walikuwa mabingwa wa kilimo cha samadi kabla bwana shamba hajazaliwa, kwa sababu nchi yao ya asili ilikuwa ndogo na hawakuweza kuhama hovyo. Zamani nyumba zao zilichimbwa ndani ya mteremko, paa la udongo likalingana na ardhi, hata mvamizi aliyefuata ng'ombe aweze kupita asijue chini kuna familia.

Kuhusu kulala na kula sina mengi. Gesti zenye nafasi zaidi ziko Katesh na Babati. Maji ya moto huenda yakaja kwa ndoo, uliza kabla hujalipa. Mama lishe wa barabarani atakupa chai ya maziwa nzito, na jioni mwenye kula kiti moto hatalala njaa. Wanaotoka Dodoma wana bahati, kwani tangu 2018 lami inapita Kondoa mpaka Babati, na wanaweza kusimama Kolo kuona michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kwenye buti acha nafasi. Vitunguu saumu vya Mbulu, mbaazi za Hanang na maharage vinauzwa kwa bei ambayo sokoni kwenu hawataiamini, hasa ukinunua kwa debe kuanzia Agosti. Vitunguu saumu vifunge vizuri, tena mbali na nguo. Safari ya kurudi Dar es Salaam ni ndefu, na wenzako ndani ya gari hawakukosea kitu.