Bengamisa: Damu ya SS haitoki kwa mama peke yake

Hapa Bengamisa, kwenye barabara ya Kisangani–Buta, kuna mama mmoja ambaye mtoto wake alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka. Alilia usiku kucha. Majirani walisema ni uchawi. Mama mkwe alisema: «Kwetu ugonjwa huo haupo. Umeuleta wewe.»

Kisangani walimpima mtoto damu: SS, yaani drepanositozi. Mama alirudi na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza vizuri.

Baadaye dada yake alimuingiza katika kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wa SS. Humo muganga mmoja alituma sauti kwa Kiswahili: mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Mara nyingi wazazi wote wawili ni AS, hawaugui, hawajui. Kwa kila mimba, kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, mbili awe AS, moja awe AA. Mimba nyingine, hesabu inaanza upya.

Mama aliwasikilizisha mume na mama mkwe. Wote walinyamaza. Kisha mume akasema: «Basi, na mimi nipimwe.» Jibu lilitoka: AS.

Ulaya, ugonjwa huu unahesabiwa kati ya magonjwa adimu. Kwetu sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, juu ya watoto wachanga 520 wa Kisangani, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne ni AS, na karibu mmoja kati ya mia ni SS.

Kwa familia zilizokimbia Lubunga tangu mapigano ya mwaka 2023, karatasi nyingi zilibaki nyumbani. Mzazi amwambie muuguzi mapema: «Mtoto wangu ni SS.» Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya chandarua. Akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Sauti ya simu inaeleza, haitibu.

Mama mkwe hajaomba msamaha. Lakini juzi aliomba simu, akauliza kundi: binti yake wa mwisho anaposwa, je, apimwe kabla ya mahari?

Muganga alijibu: «Ndiyo, mama. Na kijana naye.»